Maswali ya wasomaji: Katikati ya darasa la wakali

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa wazazi walioko Marekani. Watoto wao wanasoma sekondari binafsi zenye ushindani mkali, na ripoti zinakuja na B nyingi na A za kuhesabu. Tumechagua tano, moja ikiwa ya mwanafunzi mwenyewe.

Wahariri, salaam. Kijana wangu yuko darasa la 11 katika shule binafsi hapa Maryland. GPA yake (wastani wa alama) ni 3.4 na SAT (mtihani wa kuombea chuo) amepata 1310. Shuleni kwao hiyo ni katikati, pengine chini kidogo. Mshauri wa vyuo ametuambia tufute nusu ya vyuo tulivyoandika. Ada ya shule hii tunailipa kwa kujinyima. Je, tungempeleka shule ya umma angekuwa na nafasi nzuri zaidi? Na sasa ataingia wapi? — Mama, Maryland

Mama, mshauri hajamdharau mwanao. Amesema mapema kile ambacho ofisi ya udahili itakiona dakika za mwanzo kabisa. Maombi yanapokwenda kwa Common App, fomu moja ya mtandaoni inayotumika kuomba vyuo vingi, shule huambatisha wasifu wake: ukurasa mmoja au miwili inayoeleza masomo yanayofundishwa, jinsi alama zinavyotolewa, na mara nyingi jedwali la wanafunzi wangapi wana wastani upi. Shule nyingi binafsi zimeacha kuwapanga wanafunzi kwa nafasi, lakini jedwali hilo linatosha. Kama nusu ya darasa iko juu ya 3.6, afisa udahili anajua 3.4 imekaa wapi bila kuambiwa na mtu. Na kwa kuwa maafisa wengi hugawiwa maeneo, waombaji wote wa shule yenu huenda wakapita mezani kwa mtu mmoja, mmoja baada ya mwingine.

Jina la shule lina uzito, ila uzito huo haufanyi kazi kila mahali. Chuo kinachokubali chini ya mwombaji mmoja kati ya kumi tayari kimeletewa maombi ya wale wa juu wa darasa hilo hilo. Hakina sababu ya kushuka hadi katikati. Lakini chuo kinachokubali theluthi moja hadi theluthi mbili ya waombaji humsoma mwanao kwa jicho jingine. Kinajua shule yenu inabana alama, na kwamba mhitimu wake ameshazoea kuandika insha ndefu na kusoma kurasa nyingi kwa wiki. Hapo 3.4 yake inahesabika kuliko 3.4 ya mahali ambapo A hugawiwa kwa wingi. Ada yenu inalipa katika ngazi hiyo ya vyuo, na orodha yenu ianze kujengwa hapo.

Kuhusu shule ya umma: mwaka 2001 mwanasosholojia Paul Attewell alionyesha kwamba wanafunzi wenye uwezo uleule hupoteza kitu katika udahili wanapokuwa kwenye sekondari za wakali, kwa sababu wanalinganishwa na waliowazunguka. Kwa hiyo wasiwasi wako una msingi. Hata hivyo, usimhamishe sasa. Alama zake za sasa zitamfuata kwenye nakala ya matokeo, walimu wapya hawatakuwa wamemjua vya kutosha kumwandikia barua, na shule nyingi zina masharti ya muda kabla ya kumpanga aliyehamia pamoja na wenzake.

Sasa tazama kile kijitabu cha shule chenye orodha ya vyuo. Mara nyingi hujumlisha miaka minne au mitano. Kikitaja waliokubaliwa badala ya waliokwenda, mwanafunzi mmoja bora aliyepata barua nane amehesabiwa mara nane. Ndani yake wamo wanamichezo waliosajiliwa na makocha, watoto wa wahitimu wa zamani wa chuo husika, na watoto wa wafanyakazi wa vyuo hivyo. Ukiwatoa hao, orodha inabadilika sura. Mwombe mshauri jibu la swali moja: katika miaka mitatu iliyopita, wanafunzi wenye wastani kati ya 3.3 na 3.5, wasio na kocha wala undugu na chuo, wamekwenda wapi? Mshauri mzuri analo jibu hilo hata kama hatakuonyesha majina.

Shule ikitumia Naviance au Scoir, mifumo ya mtandaoni ya kupangia maombi ya vyuo, kuna pia mchoro ambao kila nukta ni mwombaji wa zamani, GPA upande mmoja na mtihani upande mwingine. Usomeni kwa tahadhari. Nukta moja ya aliyekubaliwa na 3.3, imezungukwa na waliokataliwa, karibu kila mara ina maelezo ambayo mchoro hauyaonyeshi. Tafuteni chuo ambacho nukta za waliokubaliwa zimejazana kwenye GPA zilizo chini ya ile ya mwanao. Hapo ana nafasi ya kweli.

Vyuo vya usalama, yaani vile ambavyo ana uhakika wa kukubaliwa, msivikisie. Viko vinavyotangaza kanuni. Iowa State hutumia hesabu hii: alama ya ACT (mtihani mbadala wa SAT) mara 3, jumlisha GPA mara 30, jumlisha idadi ya miaka ya masomo ya msingi (kila somo huhesabiwa miaka yake peke yake) mara 5; ukifika 245 na umetimiza masomo yanayotakiwa, umeingia. SAT ya 1310 hulingana na ACT 28. Kwa mwanao basi: 84, na 102, na kama ana miaka 16 ya masomo ya msingi, 80. Jumla 266. Arizona State nayo hutangaza GPA ya 3.0 katika masomo yake ya lazima kuwa njia mojawapo ya kukubaliwa. University of Pittsburgh husoma maombi yanapofika, kwa hiyo anayetuma mapema huweza kuwa na jibu mkononi kabla wenzake hawajamaliza insha. Barua moja ya kukubaliwa ikiwa mezani mapema, nyumba nzima inapumua, na mtoto anaandika insha zilizobaki vizuri zaidi.

Mgao wa orodha tunaoupenda kwa mwanafunzi wa aina hii ni vyuo tisa au kumi: viwili vya kujaribu bahati, vitano ambavyo wastani wake umo katikati ya wanaokubaliwa kutoka *shule yenu*, na viwili au vitatu vya uhakika ambavyo angeenda bila kununa. Kundi la katikati ndilo linalobeba kazi yote, na ndilo wazazi wengi hulitengea dakika kumi tu.

Ndugu wahariri, binti yangu anasoma shule binafsi Texas. Rafiki yangu anasema wa asilimia 10 ya juu wote wanaingia University of Texas. Yeye yuko katikati. Pia watu wanasema aombe mapema kwa ahadi ya kwenda, eti ndiyo siri. Ni kweli? — Baba, Texas

Ndugu yetu, sheria ya 1997 ipo, lakini kwa UT Austin mlango umebanwa: kwa wanaoanza mwaka 2026 ni asilimia 5 ya juu. Chuo hicho kinaruhusiwa kujaza hadi asilimia 75 ya nafasi za Watexas kwa njia hiyo, kwa hiyo wengine wote wanagombea zilizobaki. Aliye katikati ya shule ya wakali anaingia kwenye kundi hilo. Aombe kama anapapenda, na apange mengine akijua hilo.

Ahadi ya mapema ni mpango ambao mwanafunzi huomba chuo kimoja, kwa kawaida kufikia tarehe 1 au 15 Novemba, akiahidi kwenda akikubaliwa na kuondoa maombi mengine yote. Yeye, mzazi na mshauri hutia saini. Vyuo vingi vina duru ya pili mwanzoni mwa Januari. Msichanganye na maombi ya mapema yasiyofunga, ambayo humpa mtoto jibu mapema na kumwacha huru.

Inasaidia? Mara nyingi ndiyo, ila kidogo kuliko inavyosemwa, na unaweza kupima mwenyewe. Vyuo vingi huchapisha waraka uitwao Common Data Set; andika jina la chuo na maneno hayo kwenye intaneti utaupata. Sehemu ya C1 ina waombaji wote na waliokubaliwa. C21 ina wa ahadi peke yao. Chukua mfano wa tarakimu: waombaji 10,000, waliokubaliwa 2,000, kati yao, wa ahadi walikuwa 1,000 na 450 wakakubaliwa. Wa ahadi wamepita kwa asilimia 45, waliobaki 1,550 kati ya 9,000, yaani kama asilimia 17. Kabla hujafurahi, kumbuka kuwa kwenye vyuo vidogo wanamichezo wanaotakiwa na makocha hupitia ahadi. Wakiwa 150, binti yako yuko kwenye kundi la 300 kati ya 850, asilimia 35. Bado ni mara mbili ya duru ya kawaida. Ndiyo maana tunasema karata hii ina thamani, lakini unayo moja tu mwezi Novemba.

Kosa tunaloliona kila mwaka ni kuitupa juu. Mtoto wa 3.4 anaahidi kwa chuo kinachokubali asilimia 6, anakataliwa Desemba, na chuo cha asilimia 30 ambacho kingemchukua kwa ahadi kinamwona Januari akiwa mmoja kati ya maelfu. Aahidi pale ambapo tayari anakaribia. Halafu kuna fedha: mtoto aliyeahidi hawezi kulinganisha ofa za vyuo mbalimbali. Njia ya heshima ya kujitoa ni pale msaada wa fedha usipotosha. Kujitoa kwa sababu nyingine kunaiharibia shule jina, na watakaoumia ni wanafunzi wa mwaka unaofuata.

Shikamooni. Niko darasa la 11, New Jersey. GPA 3.3, SAT 1240. Nitume SAT au niiache? Shule yetu imeondoa masomo ya AP (yale ya kiwango cha chuo), sijui itaniumiza? Nataka sayansi ya kompyuta. Na je, niache fizikia ngumu nichukue somo rahisi ili GPA ipande? — Mwanafunzi

Marahaba, mwanetu. Tuanze na AP maana ni fupi: haitakuumiza. Mwaka 2018 shule nane binafsi za eneo la Washington zilitangaza kwa pamoja kuyaondoa, na vyuo havikutetereka, kwa kuwa unapimwa kwa yale ambayo shule yako inafundisha. Ukitaka, mtihani wa Mei unaweza kuufanya bila kusoma darasa lenyewe, ila usajili huwa kabla ya katikati ya Novemba na utahitaji shule itakayokusimamia.

SAT: kwanza angalia kama una hiari. Vyuo vya umma vya Florida, Purdue, Georgetown, MIT na Harvard ni baadhi ya vinavyotaka SAT au ACT. Penye hiari, fungua Common Data Set sehemu ya C9. Utaona alama ya robo ya chini, ya katikati na ya robo ya juu, pamoja na asilimia ya waliotuma. Kama waliotuma ni theluthi tu, tarakimu hizo zimepanda kwa sababu wenye alama ndogo walinyamaza. Ukiwa katikati au juu, tuma. Ukiwa chini ya robo ya chini, usitume. Eneo lililo kati ya hapo ndilo gumu, na kwa mwanafunzi wa shule kama yako sisi tunaelekea kutuma: wasifu wa shule kwa kawaida unaonyesha wastani wa SAT wa shule nzima, na afisa anapokuta pengo hujaza mwenyewe. Rudia mtihani mara moja Agosti baada ya kufanya kazi ya kweli wakati wa likizo. Vyuo vingi huchukua alama ya juu ya kila sehemu kutoka tarehe tofauti.

Sayansi ya kompyuta ndipo tunapokuomba utulie. Kwenye vyuo kama University of Illinois Urbana-Champaign na University of Washington, unadahiliwa moja kwa moja kwenye fani hiyo, nafasi ni chache kuliko za chuo kwa jumla, na kuhamia ndani baadaye ni vigumu sana. Usiingie kwa fani nyingine ukidhani utaruka ukuta. Tafuta vyuo ambavyo mwanafunzi huchagua fani mwishoni mwa mwaka wa pili na idara ya kompyuta iko wazi kwa kila aliyemo. Vyuo vingi vidogo vya elimu ya jumla viko hivyo. Andika barua pepe moja kwa ofisi ya udahili uulize: je, mwanafunzi aliyekwisha kuingia anaweza kuchagua kompyuta bila kuomba upya?

Fizikia usiiache. Katika sehemu ya C7 ya waraka uleule, ambapo chuo hutaja kinachokijali, ugumu wa masomo mara nyingi huwekwa kwenye kundi la juu pamoja na alama. B ya fizikia kwa anayetaka kompyuta ni bora kuliko A ya somo la kupumzikia. C ni habari nyingine. Ukiona unaelekea C, punguza somo gumu moja *nje* ya njia yako, si fizikia wala hesabu.

Na jambo ambalo hukuuliza: barua ya mwalimu. Kwenye fomu ya Common App mwalimu hupewa jedwali la kuweka alama, kutoka chini ya wastani, kupanda hadi asilimia 10 ya juu, asilimia 5, na wachache bora aliowahi kuwafundisha. Anakulinganisha na wenzako hao hao, kwa hiyo kwenye jedwali hilo utakaa katikati tena. Barua yenyewe ndiyo itakayokutoa hapo. Usimwendee mwalimu aliyekupa A kirahisi. Mwendee yule wa darasa la 11 aliyekuona ukitoka C ya Oktoba hadi B+ ya Mei. Mwombe kabla ya likizo ya Juni, na umpe ukurasa mmoja wenye mambo matatu mahususi: jaribio la maabara ulilolirudia, insha uliyoiandika upya, swali ulilolileta darasani. Mwalimu anayeandika barua ishirini ataushukuru ukurasa huo, na maneno yake yatakuwa na mwili.

Tumemlipia binti yetu shule binafsi miaka minne. Kwa chuo hatuna tena akiba kubwa. Je, akiwa wa kawaida anaweza kupata ufadhili? — Wazazi, Georgia

Anaweza, mkichagua vyuo kwa jicho hilo tangu mwanzo. Vyuo vinane vya Ivy League, na vidogo maarufu kama Williams na Amherst, havitoi ufadhili kwa sababu ya alama. Vinatoa kwa mahitaji ya familia tu. Ufadhili wa alama uko ngazi ya chini yake, ambako vyuo vinashindania wanafunzi. College of Wooster na Allegheny ni mifano, na University of Alabama huchapisha jedwali la GPA na mtihani linaloonyesha atakachopata mtoto. Katika Common Data Set, tazameni H2A: inaonyesha wanafunzi wangapi wasio na uhitaji walipewa fedha na chuo, na wastani wa kiasi. Chuo ambacho alama za binti yenu ziko juu ya katikati ya wanafunzi wake ndicho kitakachofungua pochi.

Jimboni kwenu kuna HOPE, ufadhili wa jimbo la Georgia, inayotaka GPA ya 3.0 katika masomo ya msingi. Hapa ugumu wa shule hauna mtetezi mkubwa: aliyepata 2.95 kwa jasho yuko nje. Mwulizeni mshauri mapema GPA ya HOPE ya binti ni ngapi, maana huhesabiwa kivyake na inaweza kutofautiana na ile ya ripoti.

Kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kinalazimika kuwa na kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti yake. Kijazeni kabla ya kuomba, mkiwa na karatasi za kodi. Kikokotoo hukosea zaidi kwa wenye biashara binafsi na kwa wazazi waliotengana, kwa hiyo mkiwa hivyo, ombeni ofisi ya fedha iwasomee makadirio. Mjue pia mwaka wa kodi unaotazamwa: kwa anayeanza msimu wa kupukutika majani wa 2026, ni kodi ya 2024, alipokuwa kati ya darasa la 10 na la 11. Vyuo vingi binafsi hutaka CSS Profile, fomu ya kina ya fedha za familia, juu ya FAFSA, ile fomu ya msaada wa serikali kuu. Kwenye CSS Profile kuna sehemu ya kueleza hali maalumu. Kama mnalea wazazi au ndugu kwa fedha zenu, andikeni kiasi na mtunze risiti. FAFSA haitauliza hayo.

Mwanangu ameahidi chuo kimoja, Desemba wamesema wanaahirisha uamuzi. Tukitumie chuo barua kila wiki? — Mama, Ohio

Hapana, mama. Kuahirishwa kumemfungua kwenye ahadi, kwa hiyo kwanza tazameni chuo cha pili kwenye orodha: kama kina duru ya ahadi ya Januari na fedha zake mmeshazipima, huo ndio uamuzi wa wiki hii. Kwa chuo kilichoahirisha, aandike barua moja isiyozidi ukurasa, mwishoni mwa Januari, pamoja na alama za nusu mwaka. Iwe na habari mpya: somo lililopanda, kazi aliyomaliza, na sentensi moja ya wazi kwamba akikubaliwa atakwenda, kama bado ni kweli. Mshauri ampigie simu afisa wa eneo. Zaidi ya hapo ni kelele.

Mwezi Machi au Aprili akiwekwa kwenye orodha ya kusubiri, tazama C2 ya chuo hicho: kuna miaka ambayo waliotolewa kwenye orodha ni sifuri. Lipeni amana ya chuo kingine kabla ya tarehe 1 Mei. Na ikitokea hana pa kwenda kabisa, mapema Mei chama cha washauri wa udahili, NACAC, hutoa orodha ya vyuo ambavyo bado vina nafasi, vitanda, na mara nyingi fedha.